Kazi Nne Kikapuni

“Kitambaa kikishakatwa kishonwe, kikishashonwa kivaliwe, ndipo kingine kifunguliwe.” Huo ndio msimamo wa kwanza katika mjadala huu, na tumwachie fundi cherehani ausemee, kwa kuwa ndiye anayeuamini kuliko wote hata kama mezani pake hauonekani. Anayempinga ni mfumaji, mwenye kikapu ambacho ndani yake mna sweta ya mtoto iliyofika makwapani, vitambaa vya makochi viwili kati ya sita, kofia ya mkono iliyodariziwa robo, na gauni lililokatwa mwezi uliopita likingoja siku ya cherehani. Yeye hujibu kwa maneno machache: “Kila moja ina saa yake.” Wawili hawa si watu fulani. Ni sauti za hoja zinazosikika katika nyumba nyingi zenye sindano, kwenye joto la Lamu na Ng’ambo na kwenye baridi ya Makete na Njoro, na huwa hazimalizani kwa sababu kila mmoja hupima kazi ya mwenzake kwa kipimo cha kazi yake. Nitazisikiliza zote mbili, pamoja na nyingine zitakazoingilia kati, lakini sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Niko karibu na kikapu kuliko meza, ila kwa sharti ambalo mwenye kikapu huenda asilipende: idadi ya kazi zilizo mikononi haisemi kitu mpaka ijulikane kila moja imesimamishwa wapi. Kazi nne zilizosimama mahali pake hazina hatari. Kazi moja iliyosimama pabaya ni hasara tayari.

Tuanze na lugha, maana Kiswahili kimekwisha kuutafakari ugomvi huu kabla yetu. Kufuma kuna kinyume chake, kufumua. Kushona kuna kushonoa, kusuka kuna kusukua. Badiliko dogo mwishoni mwa kitenzi linamwambia mwenye kazi kwamba alichokitenda kinaweza kutenguliwa, na uzi ukarudi kuwa uzi. Sasa tafuta kinyume cha kukata. Katua limo katika kamusi, lakini maana yake ni kung’arisha chombo cha madini, halina habari na kitambaa. Mkasi hauna neno la kuurudisha nyuma. Na sufu iliyokandwa kwa maji ya moto na sabuni hadi ikashikana kuwa kitambaa kizito? Gandua tunalo, ila hilo ni la ukoko wa ugali chini ya sufuria. Sufu ikishagandamana haiganduki. Unywele wa kondoo umevikwa magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji ya moto na sabuni huyainua, mikono ikisugua nyuzi huingiliana, na magamba hayohayo huzuia kila unywele kurudi ulikotoka. Aliyefua sweta ya sufu ya mtumba kwa maji ya moto akaitoa imekuwa saizi ya mtoto amekwisha kuifanya kazi hiyo bila kukusudia, na anajua kwamba hakuna pasi wala mvuto wa kuirejesha. Basi zipo kazi zenye njia ya kurudi na zisizo nayo, na kanuni moja haiwezi kuzitawala zote.

Fundi anadakia: “Kufumua si faida. Ni kazi kufanywa mara mbili.” Angekuwa sahihi kama mfumaji angekuwa anafumua kwa kupenda. Lakini thamani ya kinyume haiko katika kukitumia. Iko katika uhuru kinaoutoa wa kusimama. Kwa nini kitambaa cha kochi kinachofumwa kwa sindano moja ya ndoano kinaweza kutupwa kikapuni katikati ya mstari, mtoto akilia au maharage yakiungua, kisha kikachukuliwa tena jioni kana kwamba hakikuachwa? Kwa sababu katika ufumaji huo kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Vingine vyote vimekwisha kufungwa na vilivyofuata. Ukikivuta kitanzi hicho kikawa kirefu kidogo, au ukakibana kwa pini, umeifunga kazi nzima. Sweta ya sindano mbili si hivyo. Kila kitanzi cha mstari unaofumwa kiko hai, na kwenye sweta ya mtu mzima vinaweza kuzidi mia. Sindano ikichomoka, vinaanza kuporomoka kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo sweta husimamishwa mwisho wa mstari, si katikati, na ikikaa wiki nyingi sindanoni mstari ule hujikunja na kubaki na alama, hata wafumaji wazoefu hufumua mistari miwili kabla ya kuendelea. Hizi ni kazi mbili ambazo mtazamaji wa kando huziita kwa neno moja, kufuma, na tayari haziachwi kwa namna moja.

Kofia ya mkono inafundisha zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kofia hii ya pwani ni vipande viwili: duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, kila kimoja tabaka mbili za kitambaa cheupe zilizoshikanishwa kwa mshono mwembamba. Ruwaza huchorwa kwanza, kisha vitundu vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja. Kazi nzuri huchukua wiki nyingi, hata miezi. Hakuna anayeketi miezi hiyo bila kuinuka, wala kazi yenyewe haimtaki aketi, kwa kuwa kila kitundu kikishazungushiwa uzi kimekamilika chenyewe. Hakingoji jirani yake. Kofia imegawanyika katika mamia ya vituo, na kila kituo ni mahali salama pa kusimama. Ndiyo maana imeweza kuwa kazi ya nyumbani, ya kushikwa baada ya swala ya alasiri na kuwekwa adhana ya magharibi ikisikika, ikitembea ndani ya mfuko mdogo kutoka nyumba hadi nyumba. Kofia ya Kiomani, inayovaliwa hadi leo Maskati na kwingineko, ni ndugu wa kofia hii, tunda la karne za safari kati ya Oman na Zanzibar. Sanaa iliyovuka bahari na kudumu namna hiyo ilijengwa juu ya dakika ishirini za hapa na nusu saa ya pale. Anayesema kwamba kazi inayokatizwa haiwezi kufikia ubora aishike kofia hiyo mkononi, aigeuze aone ndani.

Upande wa pili wa mizani iko sufu ya kukandwa. Kwa wengi wa wasomaji wa pwani ni jambo la mbali, na ni haki iwe hivyo: nani atavaa sufu nzito Mombasa mwezi wa pili? Mahali pake kwetu ni nyanda za juu zenye kondoo. Njoro nchini Kenya, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kimewapa wanawake kazi ya kusokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea na kufuma vikaragosi vya wanyama. Penye sufu na sabuni, kukanda ni hatua inayofuata yenyewe. Kazi hii haivumilii kukatizwa. Kabla ya kuloweshwa, sufu inaweza kungoja mwaka mzima, mradi nondo wasiifikie, au tuseme viwavi wao, maana nondo aliyekua hali nguo. Ikishaloweshwa, lazima imalizwe. Ukiiacha nusu ikapoa, tabaka zinashikana hapa na kuachana pale. Ukiiacha imelowa siku mbili, inavunda. Uzi wa akriliki na wa pamba hauna magamba, kwa hiyo haukandiki hata usuguliwe mpaka kesho, na anayejaribu atapoteza sabuni na jioni nzima. Mwenye kikapu anapenda kusema kila kazi inaweza kungoja. Hii haingoji.

Na cherehani? Ushonaji uko katikati, na hapo ndipo ugomvi wetu unapozaliwa. Kitambaa kizima kilichokunjwa hakidai kitu. Kitambaa kilichokatwa kinaanza kudai saa ileile: kingo zinachanika nyuzi, chaki inafutika, kipande cha kola kinapotelea kwenye vibaki, na vipimo vya mtoto anayekua vinapitwa na wakati. Lakini kitambaa kilichokatwa na kupigwa bandi, vipande vyote vikashikana kwa mishono mirefu ya kutolewa baadaye, kinaweza kungoja umeme urudi, pasi ipate moto, meza iondolewe vyombo. Kwa hiyo kituo cha mshonaji hakiko baada ya mkasi. Kiko kabla yake, au baada ya bandi. Gauni lile la kikapuni, lililokatwa mwezi uliopita na kuachwa vipande, limesimama mahali pabaya kabisa. Fundi alikuwa na haki ya kuliona na kukasirika. Kosa lake ni kudhani kwamba kofia na vitambaa vya makochi vilivyolala kando ya gauni hilo vinashiriki hatia yake.

Katika mwaka 1970, mwanaanthropolojia Judith Brown aliandika makala fupi akiuliza kwa nini katika jamii nyingi kazi fulani zimewaangukia wanawake. Jibu lake halikutegemea nguvu za misuli. Alisema kazi hizo ni zile zinazopatana na ulezi wa watoto: hazitaki akili yote wakati wote, zinaweza kukatizwa na kuendelezwa bila taabu, hazimhatarishi mtoto aliye karibu, na hazimpeleki mtu mbali na nyumbani. Elizabeth Wayland Barber, mtaalamu wa nguo za kale, alijenga juu ya wazo hilo kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu miaka 20,000 ya kazi za wanawake katika kusokota, kufuma na kushona. Ukilichukua wazo hilo kwa uzito, unaona kwamba kukatizwa si ajali iliyoipata kazi ya uzi. Ni sifa iliyoichagua kazi hiyo iwe kama ilivyo. Duka la fundi, lenye meza, taa na saa za kufungua na kufunga, lilikuja baadaye, na mashine iliyolipa umbo la sasa ni changa: hataza ya Elias Howe ni ya mwaka 1846 na ya Isaac Singer ni ya mwaka 1851. Kanuni ya moja-kwanza ni kanuni ya meza hiyo. Inafaa pale ilipozaliwa. Kuihamishia sebuleni ni sawa na kumtaka mvuvi aheshimu saa za benki.

“Lakini wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka,” anaongeza fundi, “na njia mbili zilimshinda fisi.” Methali hizi zina uzito, ila zisomwe vizuri. Fisi hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita zote kwa wakati mmoja, mguu huku na mguu kule. Mwenye kikapu hashiki mbili. Anashika moja, nyingine zimelala. Swali la kweli ambalo methali inaliuliza ni kama zile zilizolala zimelala kweli, au zinaendelea kumvuta kichwani. Hapa kuna utafiti wa kuzingatiwa. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, alitangaza kwamba watu waliokatizwa katikati ya kazi ndogondogo walizikumbuka zile zilizokatizwa kuliko walizomaliza. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana naye kila mara, lakini wazo kwamba kazi isiyokwisha hunong’ona halikufa. Mwaka 2009 Sophie Leroy alionyesha kwamba anayehama kutoka kazi moja hadi nyingine hubakiza sehemu ya akili kwenye ile ya kwanza, hasa kama hakuifunga. Fundi angetabasamu. Asitabasamu haraka. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walikuta kwamba mvuto huo wa jambo lisilokamilika hupungua sana mtu akiweka mpango mahususi wa lini na vipi atalimaliza. Si lazima alimalize. Yaani kinachosumbua ni kutokujua kazi imefika wapi na itaendelea vipi. Karatasi ndogo iliyobanwa kwenye sweta, imeandikwa mstari wa ngapi na sindano namba ngapi, inafanya kazi ambayo fundi anadhani hufanywa na kumaliza tu.

Sauti ya tatu inaingia, na huyu ana daftari. “Sijali akili za watu,” anasema. “Nahesabu pesa. Kila kazi iliyosimama ni uzi ulionunuliwa, kitambaa kilicholipiwa, zipu na bitana, vyote vimelala ndani ya kikapu wakati ada ya shule inadaiwa.” Hoja hii ina nguvu kuliko ya fundi, nami sitaipunguza. Tena hali ya uzi inaifanya iwe kali zaidi. Madonge ya uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na namba ya fungu huchapwa kwenye karatasi ya donge. Ukinunua madonge manne leo na mawili mwezi ujao, buluu ile haitakuwa buluu ileile, na sweta itakuwa na mpaka kifuani ambao hakuna atakayeacha kuuona. Kwa hiyo mfumaji hulazimika kununua wote kwa mara moja. Kazi nne zilizoanza ni manunuzi manne kamili. Mwenye daftari ameshinda hapa, na matokeo yake ni kwamba kikapu lazima kiwe na kikomo kinachotokana na mfuko, si na tamaa ya rangi dukani. Nitamwongezea hata kitu cha kumfurahisha: katika kuchagua ipi imalizwe kwanza kwa ajili ya kuuza, atazame mashine inapofika. Sweta ina mshindani tangu mwaka 1589, William Lee alipobuni nchini Uingereza mashine ya kufuma soksi, na bei ya sweta ya mkono itaburutwa chini daima na ya kiwandani, bila kutaja ya mtumba. Ufumaji wa ndoano haujapata mashine ya kuuiga sawasawa mpaka leo. Kitambaa cha kochi kinashindana na mikono mingine tu.

Ila daftari lake lina ukurasa usiojazwa. Ameandika gharama ya uzi uliolala. Hakuandika gharama ya saa zilizolala. Nyumba yenye kazi moja tu, nayo ni gauni linalohitaji cherehani ya umeme, itapoteza kila jioni umeme ukikatika, kila safari ya basi, kila saa ya foleni kliniki, kila kikao cha msiba ambapo mikono haina la kufanya. Dakika hizo haziwezi kushona gauni. Zinaweza kudarizi vitundu kumi vya kofia, au kupiga pindo la doti ya kanga, kwa kuwa kanga huuzwa zote mbili zikiwa pamoja, zikatwe na kupindwa nyumbani. Kanuni ya moja-kwanza inazihesabu dakika hizo kuwa sifuri. Kwa mwenye duka, huenda ni sifuri kweli. Mteja ndiye anayekuja kwake. Kwa mwenye nyumba, dakika hizo ndizo karibu siku nzima.

Kuhusu mkono kupoteza mazoea nitapita upesi. Ni kweli kwamba mvuto wa uzi hubadilika, na sweta iliyoachwa miezi sita inaweza kuendelea kwa mkono uliolegea au uliokaza zaidi, mstari ukaonekana. Dawa yake ni ileile ya kufumua kidogo na kufuma kipande cha majaribio. Kwa upande mwingine, kiganja kinachorudia mwendo mmoja wa ndoano saa nyingi kila siku huuma, na kubadilisha kazi hukipumzisha. Sindano na mkasi kwenye kochi lenye mtoto? Hapo hakuna mjadala: chombo chenye kifuniko, juu ya kabati.

Sauti ya nne haikupaza sauti, lakini ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Inasema hivi: “Mnasifu nini hasa? Mnamsifu mwanamke kwa kujua kufanya kazi na vipande vya muda, wakati swali lilikuwa ni nani aliyeukata muda wake vipande. Fundi, ambaye mara nyingi ni mwanamume, anaketi saa nane na hakuna anayemwita akapakue chakula. Huyu mwingine anakatizwa mara arobaini, halafu ninyi mnatunga falsafa ya kuonyesha kwamba kukatizwa kunampendeza. Na yule Judith Brown wenu aliueleza mzigo, hakuupunguza.” Sina jibu la kuifuta hoja hii, na sidhani inapaswa kufutwa. Kikapu chenye kazi nne ni, kwa sehemu kubwa, ushahidi wa muda ulionyang’anywa. Anayekitazama kama pambo la subira ya mama anakosea vibaya.

Lakini tazama hoja hiyo inaelekea wapi. Kama tatizo ni muda uliokatwa, kumwamuru mwanamke awe na kazi moja tu hakumrudishii hata dakika moja. Kunamwondolea kile kidogo alichokuwa akikivuna. Hapo sauti ya nne na fundi, waliodhaniwa wako pamoja dhidi ya kikapu, wanaachana. Na tofauti kati ya kazi inayoweza kukatizwa na isiyoweza inatoa kitu ambacho manung’uniko ya jumla hayatoi, yaani dai lenye kipimo. Kofia haidai. Sweta inadai mwisho wa mstari: “ngoja nimalize huu.” Lakini siku ya mkasi na siku ya sufu zinadai saa tatu ambazo hakuna atakayemwita, jiko likashikwa na mwingine, mtoto akachukuliwa na baba yake, shangazi au kaka mkubwa. Nyumba inayojua kwamba kitambaa kilichokatwa nusu ni hasara ya fedha ina sababu ya kuilinda saa hiyo ambayo haihitaji kwanza kushawishiwa juu ya haki. Najua hilo ni jibu dogo kwa swali kubwa. Sauti ya nne itasema haki isingojee hesabu ya kitambaa, nayo itakuwa kweli. Hata hivyo afadhali saa tatu zenye jina na siku, Jumamosi baada ya adhuhuri, kuliko pongezi za subira.

Limebaki moja ambalo fundi alikuwa akilingojea. “Sawa,” anasema, “kazi za kwake mwenyewe azilaze atakavyo. Lakini akipokea kitambaa cha mtu?” Hapo napokea bila masharti. Tangu dhana ya “njoo kesho” ishike mizizi kwenye meza za mafundi, hasa wiki ya mwisho kabla ya Idi na Krismasi, hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya kazi nyingi zenye ahadi moja. Kitambaa cha mteja hakina njia ya kurudi kwa maana nyingine kabisa: siku ya harusi haifumuliki. Mwenye kikapu akipokea sweta ya mtoto wa jirani kwa malipo, sweta hiyo imetoka kikapuni na kuingia mezani, na kanuni ya meza inaishika. Tena hata zile za kwake, aina moja isizidi kazi moja. Sweta mbili hazina saa mbili tofauti. Zinagombea jioni ileile, sindano zilezile na mvuto uleule wa mkono, na hapo ndipo mshika mbili wa methali anapopatikana. Sweta, kitambaa cha ndoano, kofia na gauni ni nne zinazoishi kwa amani. Magauni manne si kikapu, ni duka lisilo na mteja.

Mfumaji hakuridhika. “Kwa hiyo gauni langu?” Gauni linakuja mbele ya yote, hata mbele ya sweta iliyokwisha kufika makwapani, kwa kuwa ndilo pekee lililosimama mahali ambapo kungoja kunaliharibu. Kama Jumamosi haipatikani, apige bandi usiku huu kwa mkono. Mishono mirefu haihitaji umeme. Naye fundi, kabla hajashangilia, ageuke atazame nyuma yake. Kwenye rafu kuna mifuko ya plastiki ishirini na kitu, kila mmoja una kitambaa kizima kilichokunjwa na kikaratasi cha vipimo kilichobanwa kwa pini, jina na tarehe juu yake. Hakukikata hata kimoja, kwa sababu anajua kwamba kitambaa kizima kinaweza kungoja na kilichokatwa hakiwezi. “Hivyo ni vya wateja,” anasema. Mfumaji ameshaanza kuhesabu mifuko.